Kubadilisha bushi za mikono ya chini ya Altezza: mwongozo kamili kwa gari za Unguja na Pemba

Toyota Altezza ilianza kutoka kiwandani mwaka 1998 na ikakoma 2005. Hata ile ya mwisho kabisa, basi, imeshapita miaka ishirini, na kama bushi zake hazijaguswa, mpira uliomo una umri huo huo. Mpira hauhesabu kilomita tu. Hukauka na kupasuka hata gari ikiwa imelazwa chini ya mwembe mwaka mzima.

Mwongozo huu ni wa mikono ya chini ya mbele, yaani vyuma vinavyolishikilia gurudumu kwenye gari, kwa sababu ndiyo inayobeba kazi ya breki na ndiyo inayoharibika mapema. Hatua ni zile zile kwa SXE10 yenye injini ya 3S-GE na kwa GXE10 yenye 1G-FE ya silinda sita: zote zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, na zote zina mikono miwili, wa juu na wa chini, kwenye kila gurudumu la mbele. Lexus IS200 na IS300 zilizouzwa Ulaya na Marekani ni ndugu wa gari hii, na spea nyingi za chini zinaingiliana. Ukitafuta spea, ulizia kwa majina yote.

Bushi inafanya kazi vipi

Bushi ya mkono wa chini, au wishiboni kama mafundi wanavyouita, ni vitu vitatu vilivyoshikana. Kuna kopo la chuma la nje linalobanwa ndani ya jicho la mkono. Kuna bomba dogo la ndani ambamo bolti hupita. Katikati yake pana mpira uliogandishwa kwa joto kwenye chuma cha pande zote mbili. Bolti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa na masikio ya krosimemba, ile fremu ya chuma iliyo chini ya injini, na halizunguki tena. Mkono ukipanda na kushuka, kinachozunguka ni mpira wenyewe: unajikamua kama kitambaa, kisha unarudi. Hakuna kinachoteleza humo, na ndiyo maana hakuna grisi.

Shika jambo hilo moja. Bushi nyingi mpya zinazokufa ndani ya miezi michache haziuawi na barabara wala na ubovu wa spea. Huuawa siku ile ile ya kufungwa, kwa sababu bolti zilikazwa gari ikiwa juu ya jeki na mkono ukining'inia. Tutalirudia mahali pake.

Dalili, na jinsi ya kuhakikisha

Usukani unaelea kwenye mwendo, na gari inafuata michirizi ya lami badala ya mkono wako. Ukikanyaga breki, gari inavuta upande mmoja. Kwenye matuta unasikia mgongano wa chuma, "gudu", hasa unaposhuka tuta taratibu. Tairi za mbele zinalika ukingo wa ndani ilhali ule wa nje bado una meno.

Dalili hizo hizo zinaweza kuletwa na boljointi (kiungo kinachounganisha mkono na gurudumu), tairodi (fimbo ya usukani) au shokapu, kwa hiyo usinunue kitu kabla ya kupima. Kipimo cha kwanza hakihitaji hata jeki. Mtu mmoja aketi kwenye usukani, injini ikiwaka, mguu ukiwa umekanyaga breki barabara. Atie gia ya mbele, kisha ya nyuma, akigusa mafuta kidogo sana. Wewe simama pembeni, kamwe usisimame mbele wala nyuma ya gari, utazame gurudumu la mbele ndani ya upinde wa madigadi. Likisogea mbele na nyuma kwa kiasi unachokiona kwa macho, bushi ya nyuma ya mkono wa chini imechoka. Bushi hiyo ndiyo inayozuia mkono usipinde gari inapofunga breki, kwa hiyo huwahi kuliko ya mbele.

Kipimo cha pili ni mtaimbo. Nyanyua gari, liweke juu ya stendi, ingiza mtaimbo kati ya mkono na krosimemba usukume kwa nguvu ya wastani. Mpira lazima ujongee kidogo, hiyo ndiyo kazi yake. Kinachotafutwa ni mpira ulioachana na chuma, ufa unaozunguka bomba la ndani, au bomba lililokaa upande badala ya katikati. Nyufa ndogo za juujuu kwenye ngozi ya mpira peke yake hazitoshi kuihukumu bushi.

Halafu boljointi. Kwenye gari hii springi inakalia mkono wa chini, kwa hiyo boljointi ya chini ndiyo inayobeba uzito. Ukitaka kuipima, weka jeki chini ya mkono wenyewe, karibu na gurudumu, ili uzito uiondokee. Kisha nyanyua tairi kwa mtaimbo kutoka chini. Ikicheza juu na chini, ibadilishe. Hapa hapana mjadala wa bei: boljointi ya chini ikichomoka, gurudumu linalala na gari inakwenda kwa tumbo. Na kwa kuwa mkono utakuwa umeshatoka, kuacha boljointi ya zamani ili kuokoa fedha ni hesabu mbovu.

Spea za kununua

Kwa mbele, pande zote mbili: bushi nne za mikono ya chini (mbili kila mkono, na ya mbele si sawa na ya nyuma), boljointi za chini mbili, bolti za kamu nne pamoja na washa na nati zake, pini za nati za boljointi na tairodi, bushi mbili za stabilaiza (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) na linki zake mbili. Bolti za kamu ni zile zenye washa ambayo tundu lake halipo katikati. Ukizizungusha zinasogeza mkono ndani au nje, na ndizo zinazotumika kupanga alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu.

Watu wengi huziacha bolti hizo kwenye orodha. Bara labda utabahatika. Hapa visiwani, gari iliyokaa miaka kumi karibu na bahari, nunua bolti kabla hujafungua hata nati moja. Bolti ikigoma utaikata, na gari ikiwa juu ya stendi bila mkono utakuwa unasubiri mzigo uvuke na boti kutoka Dar es Salaam, au uende mwenyewe Kariakoo na Gerezani kuusaka. Kwa Pemba, ongeza tena safari ya kutoka Unguja.

Mwuzaji mpe namba ya chesisi yote, ile inayoanza na SXE10 au GXE10, wala si jina la gari na mwaka tu. Bushi ikifika mkononi, iangalie: mpira uwe umeshikana na chuma pande zote bila mwanya, bomba la ndani liwe katikati, kopo la nje lisiwe na mshono uliovimba. Pima kipenyo cha nje kwa kalipa ya venia ukilinganisha na ya zamani pindi itakapotoka. Bushi iliyo ndogo hata kwa sehemu ya kumi ya milimita itaingia kwa mkono, na itatoka vivyo hivyo.

Kuna njia tatu nyingine ambazo utashauriwa.

Mkono mzima wa mtumba kutoka Japani: chuma chake mara nyingi ni kisafi, lakini mpira una umri ule ule wa gari yako. Ununue kwa ajili ya chuma, uweke bushi mpya. Mkono mzima mpya wa bei rahisi, wenye bushi na kila kitu, unaokoa kazi ya presi, lakini ubora wa mpira wake hutofautiana mno. Tatu ni bushi za kuchonga kwa mpira wa tairi. Hizi hazijagandishwa na chuma, zinasuguana tu, na ndani ya tairi mna nyuzi zinazokata bomba la ndani. Zitakufikisha nyumbani, zisikae zaidi ya hapo.

Poliurethani nayo ina wapenzi wake, hasa kwa gari ya michezo kama hii. Ni ngumu, inaitikia usukani haraka, haiogopi oili. Lakini yenyewe haijikamui. Inateleza juu ya bomba la ndani, kwa hiyo inahitaji grisi ya silikoni na kufunguliwa kupakwa tena. Mchanga na maji ya mvua za masika vikiingia, inaanza kulia kama mlango wa zamani wa Mji Mkongwe. Kwa gari ya kila siku, tunashauri mpira kwenye mikono na poliurethani kwenye stabilaiza tu, kama unaitaka.

Vifaa

Soketi na ringi spana za milimita 12 hadi 24 (17, 19 na 21 ndizo zitakazofanya kazi zaidi), kipande cha bomba cha kurefushia mpini, spana ya toki (ya kupimia nguvu ya kukaza) inayofika angalau Nm 200, nyundo ya kilo mbili, tindo, mtaimbo, kitoleo cha boljointi, brashi ya waya, msumeno wa chuma wenye bapa za akiba, kalipa ya venia, rangi nyeupe ya kuwekea alama. Jeki ya magurudumu na stendi mbili za chuma. Grainda yenye diski nyembamba ya milimita 1 iwe karibu, hata ukiomba usiihitaji.

Kuhusu stendi: usitumie matofali ya saruji wala mawe ya matumbawe. Hayatoi onyo, hupasuka mara moja, na wewe uko chini. Kama huna stendi za chuma, tumia magogo ya mbao ngumu yaliyopangwa kwa kupishana. Kwenye ua wa mchanga, tandika ubao mpana wa unene wa sentimita 4 au 5 chini ya jeki na chini ya kila stendi, na weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma pande zote mbili.

Siku mbili kabla ya kufungua

Puliza mafuta ya kulegezea kutu kwenye kila bolti na nati utakayoigusa, asubuhi na jioni, ukielekeza pale bolti inapoingia kwenye sikio na kwenye kingo za bomba la bushi. Ukikosa ya kopo, changanya mafuta ya giaboksi otomatiki na asetoni nusu kwa nusu. Tikisa chupa kila unapotumia, maana yanajitenga, na uyaweke mbali na moto na rangi ya gari.

Kisha pima urefu wa gari. Gari ikae mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo wake wa kawaida. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya haba, yaani kitovu cha gurudumu, hadi ukingo wa upinde wa madigadi, wima juu yake, kila gurudumu la mbele. Andika namba kwenye karatasi ya gundi uibandike pale pale kwenye madigadi. Namba hizo mbili ndizo utakazozitumia mwishoni, na huwezi kuzipata tena gari ikishafunguliwa.

Kufungua

Fanya upande mmoja kwanza, mwingine ubaki mzima uwe kielelezo.

Legeza nati za rimu gari ikiwa bado chini. Nyanyua, weka stendi kwenye sehemu zilizoimarishwa za bodi, toa gurudumu na kifuniko cha plastiki cha chini. Safisha bolti za kamu kwa brashi, kisha weka alama za rangi zinazovuka kutoka kwenye washa ya kamu hadi kwenye sikio la krosimemba. Juu ya rangi hiyo gonga alama ndogo kwa tindo, kwa sababu rangi itaoshwa na mafuta. Piga picha ya kila bolti ikionesha kichwa chake kimeangalia wapi. Baadhi yake zikirudishwa kinyume hazitatoka tena bila kufungua vitu vingine.

Fungua linki ya stabilaiza. Toa pini ya tairodi, legeza nati, tenganisha kwa kitoleo. Fungua bolti ya chini ya shokapu. Springi imefungwa pamoja na shokapu kama kitu kimoja, kwa hiyo haitaruka, almuradi huigusi ile nati ya katikati juu ya shokapu. Nati hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa. Hapa haina kazi yoyote, iache.

Weka jeki chini ya mkono uushike bila kuunyanyua. Boljointi ya chini imefungwa kwa bolti kwenye nako, kile chuma kinachobeba gurudumu, na ni rahisi zaidi kuzifungua hizo mkono ukatoka pamoja na boljointi, kisha utenganishe benchini. Funga nako kwa waya juu kwenye springi ili isining'inie kwa mpira wa breki wala waya wa sensa ya ABS.

Sasa zimebaki bolti mbili za kamu. Legeza nati, na hapo ndipo utajua gari yako imeishi wapi.

Bolti iliyogandana na bomba la bushi

Hewa ya chumvi inaingia kati ya bolti na bomba la ndani, kutu inavimba, vyuma viwili vinakuwa kimoja. Gari zinazolala Nungwi, Paje au Makunduchi huwa hivi karibu zote, na zaidi zile zinazopelekwa ufukweni maji yakitoka. Utaijua haraka: nati imefunguka vizuri, lakini ukizungusha kichwa cha bolti mpira wa bushi unajisokota nacho, na ukiachia kinarudi kilipokuwa.

Usianze kwa kuigonga mwisho wa bolti. Utaufanya uyoga na hautapita tena kwenye tundu, au utapinda sikio la krosimemba, na sikio likipinda kamu haitakaa wala alaimenti haitashika. Rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya bolti ili ilinde uzi, puliza mafuta, zungusha mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikianza kuachia utasikia mlio mkavu, endelea na mafuta. Gonga kupitia nati tu, kwa pigo fupi.

Kama saa nzima imepita na hakuna dalili, ikate. Bushi inatupwa na bolti mpya unayo, hivyo huna unachokiokoa. Mwanya uko kati ya sikio la krosimemba na kingo ya bushi. Hapo ndipo diski ya milimita 1 au bapa ya msumeno inapita, ikikata bomba na bolti kwa pamoja, upande mmoja kisha wa pili. Funika mpira wa breki na nyaya kwa kitambaa kilicholowa, weka ndoo ya maji na ya mchanga karibu, na vaa miwani. Mpira wa bushi uliolowa mafuta ya kulegezea unashika moto kwa cheche moja. Kwa sababu hiyo hiyo hatushauri tochi ya gesi hapa: mafuta, mpira, na tangi la petroli kwenye gari moja.

Kutoa bushi kwenye mkono

Kabla ya kubonyeza, fanya mambo mawili. Pima kopo la nje limetokeza kiasi gani kila upande wa jicho, uandike. Kisha tazama mpira: kwenye bushi nyingi kuna matundu au mianya ya makusudi, na mwelekeo wake una maana. Upande wenye mwanya ni laini, usio na mwanya ni mgumu. Mwanya ukigeuzwa kwa nyuzi 90, gari itakuwa ngumu inapotakiwa iwe laini na italegea inapofunga breki. Weka alama ya tindo kwenye mkono ikielekea katikati ya mwanya.

Presi ya tani 12 hadi 20 inatosha, na gereji kubwa za mjini zinazo. Unachohitaji kuandaa ni vipande viwili vya bomba zito. Cha kusukumia kipenyo chake cha nje kiwe pungufu kidogo, kama milimita 1, kuliko kopo la bushi. Cha kupokelea kiwe na uwazi mpana kuliko kopo ili bushi ipite, na ukingo wake ukae kwenye chuma cha jicho. Ringi za bearing kuukuu zinafaa sana kwa kazi hii. Mkono usikae kwa kulala upande. Ukibonyezwa ukiwa umeinama, jicho linakuwa yai.

Bila presi, tumia fimbo ya uzi ya M14 ya chuma kigumu, daraja la 10.9, na vipande vile vile vya bomba, washa nene, na grisi kwenye uzi. Fimbo laini za madukani zitalika uzi kabla bushi haijasogea.

Kopo likikataa, toboa mpira kuzunguka bomba la ndani, lisukume litoke, kisha pitisha bapa ya msumeno ndani ya kopo ukate ukuta wake kwa urefu. Kata taratibu na usimame kabla ya kufika kwenye jicho lenyewe. Mkwaruzo mdogo humo haudhuru, mfereji unadhuru. Likishakatwa, likunje kwa tindo kwa ndani, litaanguka. Kuchoma mpira kwa moto kunafanyika sana, na moshi wake mweusi ni sumu. Majirani nao watakuja juu.

Safisha jicho kwa brashi ya waya kisha msasa mwembamba mpaka chuma kiwe laini. Kama kutu imekula mashimo au ukingo umekonda, mkono huo hauna kazi tena, nunua mwingine. Sehemu nyingine ya mkono ipige rangi ya kuzuia kutu sasa, maana hutaipata tena wazi hivi, lakini ndani ya jicho usiweke rangi nene.

Kuingiza bushi mpya

Kulaza bushi kwenye friza usiku kucha kunasaidia kidogo: kopo la milimita 45 hupungua kama 0.02 tu. Kinachosaidia zaidi ni kuanza sawa. Paka sabuni ya maji kwenye kopo, linganisha alama ya mwanya, hakikisha bushi imesimama wima pande zote, kisha bonyeza. Usipake grisi wala oili. Sabuni inakauka na kushika, oili inabaki ikiteleza, na mpira unaolowa oili unavimba na kulainika.

Bonyeza kopo la nje tu. Nguvu ikipitia bomba la ndani, mpira unaachana na chuma hapo hapo, na kwa macho hutaona kitu. Bushi ikianza kuingia kombo, simama, itoe, anza upya. Simama pale kopo litakapofikia kipimo ulichoandika.

Kurudisha

Weka boljointi mpya, kaza nati yake, tia pini mpya. Tundu la pini likipishana na nati, endelea kukaza kidogo mpaka likutane. Usilegeze kurudi nyuma.

Shina la bolti ya kamu, ile sehemu laini inayokaa ndani ya bomba, lipake grisi ya baharini, ile inayouzwa kwa mashine za boti. Haioshwi na maji ya chumvi, na mtu atakayeifungua baada yako atakushukuru. Ipake nyembamba ili isifike kwenye mpira, na usiiweke kwenye kingo za bomba: kingo hizo zina meno ya kung'ata sikio la krosimemba, na lazima ziwe kavu. Uzi nao uuache bila grisi, la sivyo spana ya toki itakudanganya.

Ingiza mkono, pitisha bolti, rudisha kamu kwenye alama zako, na uzikaze nati kwa mkono tu, mpaka washa ziguse. Bolti za boljointi kwenye nako, nati ya tairodi na pini yake, hizo zikaze kabisa sasa, kwa kiwango cha kitabu cha gari, kwa sababu hazina mpira wa kujisokota. Bolti mbili za kamu, bolti ya chini ya shokapu, na nati za linki kama nazo zina bushi za mpira, ziache zimelegea.

Rudia upande wa pili.

Kukaza gari ikiwa kwenye urefu wake

Chukua mkono wenye urefu wa sentimita 30 hadi 35 unaoning'inia sentimita 8 chini ya mahali pake pa kawaida. Hiyo ni pembe ya nyuzi 13 hadi 15. Ukikaza hapo, gari ikishuka chini kila bushi itakuwa imeshajisokota nyuzi hizo kabla haijatembea hata mita moja. Tuta moja linaongeza nyingine juu yake, kila siku, kutwa. Mpira unachanika kuzunguka bomba, na wewe unamlaumu mwuza spea. Dalili yake ni gari kusimama juu kidogo mbele kuliko ilivyokuwa, na ugumu usioelezeka.

Njia iliyo bora: rudisha magurudumu, shusha gari juu ya mbao nne zilizopangwa, kila gurudumu kwenye mbao pana za urefu ule ule, za kutosha kukupa nafasi ya kuingia chini. Zote nne ziwe sawa, gari isiinamie upande. Sukuma gari mbele na nyuma kadiri mbao zinavyoruhusu, bonyeza boneti mara kadhaa, ili tairi zijipange na mikono ikae. Vuta breki ya mkono, weka kabari. Pima haba hadi madigadi. Ukikaribia namba zako kwa milimita 5, ingia chini ukaze bolti za kamu kwa kiwango cha kitabu, ukichungulia alama zisihame.

Kama mbao hazipo, gari ikiwa juu ya stendi weka jeki chini ya mkono karibu na boljointi, unyanyue mpaka namba ya haba na madigadi ifike. Angalia stendi muda wote: bodi ikianza kuachana nayo kabla namba haijafika, simama, ongeza uzito kwenye injini au wakae watu wawili kwenye viti vya mbele. Usijaribu kuibahatisha kwa macho.

Nati za rimu, zikaze kwa kupishana kwa Nm 103, na uzikaze tena baada ya kilomita 100.

Mikono ya juu na ya nyuma

Kanuni haibadiliki. Mikono ya juu hubeba mzigo mdogo na bushi zake hudumu zaidi, kwa hiyo usiifungue kwa sababu tu uko hapo. Ya nyuma ina mikono mingi na kamu zake. Fungua mmoja mmoja, alama kwenye kila kamu, vinginevyo gari itatembea kwa kiuno.

Alaimenti na baadaye

Alama zako zitakufikisha kwenye mashine, hazitoshi kuishi nazo. Fundi wa alaimenti atalegeza kamu na kuzikaza tena gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, na hivyo ndivyo bushi inavyotaka. Mwombe aanze nyuma kisha mbele, na akuoneshe namba kabla na baada. Kamu ikifika mwisho wake na namba bado haijatulia, tatizo si bushi: kuna mkono au sikio lililopinda.

Kwa aliye Pemba anayengoja nafasi ya kufika kwenye mashine, milima ya kutoka Chake Chake hadi Wete itakula tairi haraka usipopanga walau sambamba ya mbele. Usukani uwe katikati. Chora mstari mwembamba wa chaki katikati ya kila tairi ya mbele, kwenye urefu wa haba. Pima umbali kati ya mistari miwili upande wa mbele wa tairi. Sukuma gari mpaka mistari ile ile ifike nyuma kwenye urefu huo huo, upime tena. Kipimo cha mbele kiwe sawa na cha nyuma au pungufu kwa milimita 1 hadi 2, si zaidi. Rekebisha kwa tairodi, mizunguko sawa kila upande ili usukani usiende kombo.

Gari ikitoka ufukweni, ioshe chini kwa maji matamu siku hiyo hiyo. Na pale inapooshwa, kataa kupuliziwa ile oili chafu iliyochanganywa na dizeli ati ya kuzuia kutu. Chuma kitang'aa wiki moja, na mpira wa bushi ulizobadilisha utaanza kuvimba.